Sindano ya Hayawahusu

Asubuhi ya siku ya ishirini na tisa, mbwa alikataa samaki.

Muhidini alimsogezea kifuu cha chakula kwa fito ndefu, kama alivyoelekezwa, akarudi nyuma hatua tatu, akachuchumaa kungoja. Ndani ya kifuu mlikuwa na perege wa kuchemsha aliyechambuliwa miiba yote, na katikati ya nyama imefichwa nusu ya kidonge cheupe, kidogo kama punje ya mtama. Mbwa alinusa. Akageuza uso, akalaza kidevu juu ya miguu ya mbele, akafumba macho kama mtu aliyechoshwa na maneno.

Siku hizo ishirini na tisa zilikuwa zimechorwa kwa mkaa kwenye nguzo ya dungu, kile kibanda cha juu ya miti wanachokaa watu wa Mbuchi wakati wa kulinda mpunga. Mchoraji alikuwa dada yake, Sijaona, mwenye shamba na mwenye mbwa. Kila siku mstari mmoja. Mistari ikifika ishirini na tano, mbwa anapigwa sindano, nguzo inafutwa kwa kitambaa kibichi, hesabu inaanza upya. Mwaka mmoja na nusu haikuwahi kufika ishirini na sita. Safari hii ilipita, kwa kuwa dawa yenyewe inatoka ng'ambo na mzigo ulikwama Dar es Salaam. Sijaona alipochora mstari wa ishirini na saba alijifunga kibwebwe, akapanda mtumbwi wa mashine, akaenda Kibiti kuingojea huko huko kwa mjukuu wake Yasmin, daktari wa mifugo.

Muhidini akaachiwa mkaa wa kuchorea, mpunga unaoanza kuinamisha vichwa, na mgonjwa.

Mbwa aliitwa Hayawahusu. Jina hilo Sijaona alilichagua kwa makusudi, siku wanawake wa mashamba ya jirani walipoanza kumteta kwamba mjane mzima, mtu wa swala tano, kaona la kufuga ni mbwa. Basi kila jioni alipomwita mbwa wake kwa sauti kubwa, jirani nao walipata jibu lao. Na kwa dini hakuwa na kosa, maana mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa yake. Alikaa shambani, hakuingizwa nyumbani. Alikuwa na vyombo vyake, na Sijaona alikuwa na kanga moja kuukuu aliyoivaa kwa kumhudumia tu, akimaliza anaivua. Wale waliomteta, msimu nguruwe mwitu walipofukua mashamba yao mpaka yakawa kama yamepitiwa na trekta, walikuja kuona mpunga wa Sijaona umesimama, wakaondoka kimya.

Kisha mbwa akaanza kuanguka. Leo mzima, kesho miguu haina nguvu, kesho kutwa anatapika, halafu anapona bila dawa, halafu tena. Wapo waliosema karogwa, wapo waliosema mvivu. Ni Yasmin aliyetoa damu yake akaipeleka Dar, na majibu yaliporudi akamkalisha bibi yake na kumweleza taratibu. Juu ya figo, alisema, kuna vitezi viwili, kila kimoja kama kunde. Vitezi hivyo hutoa homoni, na homoni ndiyo inayouambia mwili chumvi ipi ibaki na ipi itoke kwa mkojo. Vya Hayawahusu vimekufa. Sindano ni homoni ya kuazima. Haimponyi, inashika zamu ya vile vitezi kwa siku ishirini na tano, kisha nguvu yake inakwisha. Homoni ya pili anaipata kwa nusu kidonge kila siku.

Sijaona aliishia darasa la saba, lakini jambo likiingia kichwani mwake halitoki. Alijifunza kuchoma sindano kwa kutumia papai bichi, mapapai manne, mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Alijua kwamba dawa ile ni nyeupe kama tui, kwamba huchanganywa kwa kugeuzageuza chupa, kwamba huingia chini ya ngozi ya mgongo pale inapovutika, na kwamba mahali pa leo si mahali pa mwezi ujao.

Muhidini yeye alijua minazi. Alikuwa mkwezi tangu ana miaka kumi na minne hadi anatimiza sitini na mbili, kule kwao Mkongo na pwani nzima, mpaka siku mnazi mmoja mfupi, wa aibu hata kuutaja, ulipomwangusha akavunjika mtulinga, ule mfupa wa bega la kushoto. Sijaona alimuuguza miezi mitatu. Alipopona akamwapisha: hatapanda tena mti wowote, awe hai yeye au awe amekufa. Aliapa. Na mbwa hakuwahi kumgusa maishani, hata kwa kidole. Hakumchukia, ila alilelewa hivyo, na mtu aliyelelewa hivyo hata miguu yake hujipisha yenyewe.

Asubuhi ile alipanda juu ya dungu, maana ndipo simu ilipopata mtandao, akampigia dada yake. Sijaona alimwambia ajaribu kidonge kizima badala ya nusu, kwa kuwa Yasmin alikwisha kusema mgonjwa akizidiwa, dozi huongezwa. Mzigo, alisema, umefika Mbagala, kesho au kesho kutwa utakuwa mkononi. Kisha akaongeza, polepole, neno kwa neno:

"Muhidini. Usimpe kitu kingine chochote. Hata maziwa. Hata kwa huruma."

Akaitikia ndiyo dada. Akachambua perege mwingine, akaficha kidonge kizima, na mbwa safari hii alikula, kama kwa kumstahi. Haikupita muda wa kukunja mkeka, akatapika vyote. Kidonge kilitoka kizima, kikang'aa katikati ya povu la manjano. Muhidini alikitazama kile kidonge. Dada yake aliondoka akiacha vidonge kumi na viwili kwenye kikopo, akamhesabia mbele ya macho yake, na sasa kimoja kiko kwenye matope.

Mchana Hayawahusu alianza kutetemeka juani. Ngedere walishuka kutoka kwenye mikoko wakaingia ukingoni mwa shamba, wakala wanavyotaka, na mbwa akawatazama tu. Muhidini akawafukuza mwenyewe kwa debe, akarudi mbio kuangalia kama mbavu zile bado zinapanda na kushuka. Zilipanda. Akakaa. Akainuka tena. Mtu aliyeachiwa kitu cha mwenzake hana pa kukaa.

Ndipo alipomkumbuka mama yao. Mwaka ule wa kipindupindu, Mkongo, watu wanatapika mpaka macho yanaingia ndani, mama yao aliwanywesha madafu watoto wote saba, kijiko kwa kijiko, usiku na mchana, na wote saba walisimama. Katika miaka yake yote ya ukwezi Muhidini aliwaangulia madafu wazazi waliojifungua, wazee walioharisha, watoto waliokuwa wakiungua homa. Hakuna nyumba iliyomwambia dafu limemdhuru mtu. Maziwa alikatazwa. Dafu dada yake hakulitaja. Na kwani dafu ni kitu? Ni maji aliyoyatia Mungu mwenyewe na kuyaziba.

Alitazama huku na huku. Minazi mitatu ilisimama karibu na mkondo, mali ya marehemu shemeji yake. Akavua shati, akasokota kitanzi cha miguu kwa kipande cha kamba ya mtumbwi, akasema bismillahi, akapanda.

Mtulinga ulimuuma tangu hatua ya kwanza. Katikati ya mti pumzi ilimwishia, akakumbatia mnazi, shavu kwenye gome, akamwona mbwa kule chini mdogo kama kiatu kilichosahauliwa. Akaendelea. Alipofika juu mikono ilikumbuka kazi yake bila kumuuliza. Aliangua matatu, akachagua yale machanga yanayolia maji yakitikiswa. Alipotua chini alikaa palepale kitambo akimshukuru Mola kwamba hakuna aliyemwona.

Akamimina dafu kwenye kifuu, akakisukuma kwa fito. Mbwa alinyanyua kichwa. Akanusa, akatoa ulimi, akanywa. Akanywa lote, akalamba kifuu mpaka kikasogea.

Mtu asiyewahi kuuguza hajui furaha ya namna ile. Muhidini alimimina la pili, kisha la tatu, na macho yakamjaa maji, naye akajicheka. Makumbi akayatupa mkondoni, maji ya kupwa yakayachukua, dada yake asije akaona na kuuliza nani kapanda.

Siku ya thelathini alimpa madafu matano. Jioni Sijaona alipopiga simu, alimwambia mbwa hatapiki tena. Hilo lilikuwa kweli. Hakusema zaidi, na alipokata simu alibaki ameishika mkononi, hajui kwa nini moyo wake haukutulia. Halafu mbwa alipojaribu kusimama akajisaidie, miguu ya nyuma iligoma. Ilijikunja kama ya ndama wa siku moja. Muhidini akajiambia ni udhaifu wa kutokula, na asubuhi ya thelathini na moja, kabla jua halijatoka sawasawa, akapanda tena akaangua mengine matatu.

Yale matatu mbwa aliyanywa akiwa amelala ubavu.

Sijaona na Yasmin walifika kabla ya adhuhuri, miguu imejaa tope hadi magotini, Yasmin amebeba sanduku la kazi kichwani kama mzigo wa kuni. Msichana yule alikuwa na utani na babu yake Muhidini tangu anajifunza kutembea. "Mume wangu," alisema akitua sanduku, "nimekuacha kijana, nakukuta kizee. Kwani umepata mke mdogo asiyekupikia?"

Siku nyingine Muhidini angemjibu mpaka majirani wacheke. Leo alisema tu, "Karibu, mke wangu. Mgonjwa yuko pale," na Yasmin akamtazama mara mbili.

Sijaona alikwisha kupiga magoti, kanga yake kuukuu kiunoni. Mbwa alitikisa ncha ya mkia mara moja. Alikuwa wa baridi, mate yamekauka, ufizi umepauka kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Yasmin aliweka chombo chake cha kusikilizia kwenye ubavu wa kushoto, akaangalia saa. Akasikiliza muda mrefu. Akasogeza chombo, akasikiliza tena.

"Arobaini na mbili," alisema. "Kwa dakika nzima. Mbwa wa kimo hiki, mgonjwa na mwenye hofu, nilitaraji zaidi ya mia."

Wakaingia kazini. Yasmin alinyoa mguu wa mbele, akatafuta mshipa, akaukosa, akaupata. Dripu ya maji ya chumvi ikatundikwa kwenye ngazi ya dungu. Sijaona aligeuzageuza kile kichupa kilichowasumbua siku zote hizo, akavuta dawa nyeupe, akavuta ngozi ya mgongo, akachoma, mkono imara. Lakini Yasmin alimwambia asiitegemee hiyo kwa leo. Homoni ile huanza kazi taratibu, kesho, kesho kutwa. Ni ya kumweka mzima, si ya kumtoa kaburini. Akamchoma na ya dharura, ile ya kuchukua nafasi ya vidonge. Kisha akafungua tena sanduku, akatoa chupa ya dawa ya ng'ombe waliozaa wakashindwa kuinuka, akaishika, hakuifungua.

"Babu," aliuliza, "amekula nini tangu juzi?"

"Hajala kitu," alisema Muhidini.

"Kitu kabisa?"

"Wallahi hajala."

Na hakuwa amekula. Muhidini aliliona neno lake limesimama kwa mguu mmoja, lakini lilisimama.

Yasmin alikunja uso. Akamweleza bibi yake kinachomtatiza. Moyo kupiga polepole namna ile unaweza kuwa na sababu moja, na kama ndiyo sababu hiyo, chupa ile ndiyo kinga ya moyo mpaka dripu ifanye kazi yake. Kama siyo, chupa hiyo hiyo inaweza kuusimamisha. Kwa sindano iliyochelewa siku sita tu, na mbwa aliyemeza japo vidonge kidogo, hakutegemea hali ifike huku. Labda ni jambo jingine kabisa. Labda nyoka. Angekuwa na mashine ya damu hapa asingeuliza mtu. Akairudisha chupa sandukuni, juu juu, bila kufunga kifuniko.

Sijaona alipapasa sikio la mbwa. "Basi tumtie nguvu kidogo, mjukuu wangu," alisema. "Minazi ile pale ina madafu. Nikaite mkwezi ng'ambo, tumtilie hata kijiko?"

"Dafu?" Yasmin aligeuka. "Bibi, bora umpe sumu ya panya, ujue moja. Mwilini mna chumvi mbili. Moja ndiyo hii ya kupikia, na mwili wake unaimwaga, hauwezi kuizuia. Ya pili unaing'ang'ania, haitoki, inajaa kwenye damu mpaka inaushika moyo. Na hiyo ya pili ndiyo iliyojaa kwenye dafu. Mtu mzima wa afya linamjenga. Huyu linamuua."

Muhidini alikuwa amesimama karibu na ngazi, ameshika mrija wa dripu usiyumbe. Alisikia kila neno, na kila neno lilikuja peke yake na kukaa chini mbele yake. Alimwona mbwa akilamba kifuu. Alijiona akicheka na machozi. Akafikiri: wameshasema ni nyoka. Nyoka wako wengi bondeni. Mbwa akifa atakuwa amekufa kwa nyoka, na dada atalia, atasema Mungu kapanga, na mimi nitarudi Mkongo.

Yasmin aliinama tena kusikiliza. "Thelathini na nane," alisema.

"Kumi na moja," alisema Muhidini.

Wote wawili walimtazama.

"Madafu. Kumi na moja, kwa siku tatu. Matatu nimempa leo alfajiri." "Nilidhani ni maji tu. Hakula, nimeapa kweli, hakula. Alikunywa."

"Nani alikuangulia?" aliuliza Sijaona.

"Nilipanda mwenyewe, dada."

Sijaona alimwangalia bega, lile la kushoto, kama anayehesabu mifupa yake. Muhidini angependa atukanwe.

Yasmin alikwisha kuchukua ile chupa, anaivuta dawa kwenye bomba kubwa la sindano, na mikono yake ilikuwa haina tena wasiwasi ule wa mwanzo. "Usilie sasa, babu, utalia baadaye, nami nitakusaidia," alisema. "Sasa najua ninachopigana nacho. Njoo hapa."

Alimweleza haraka. Dawa hii huingia polepole mno, na anayeiingiza hawezi kusikiliza moyo wakati huohuo. Bibi atashika mguu na kichwa. Lazima mtu wa tatu aweke kiganja pale nyuma ya kiwiko cha mbwa, ahesabu kila pigo kwa sauti, asiruke, asikisie. Pigo likichelewa aseme, naye ataacha mara moja.

Muhidini alipiga magoti kwenye majani. Sijaona alivuta pindo la kanga yake kuukuu kulitandika juu ya mbavu, kumsitiri kiganja, lakini mkono wa Muhidini ulikwisha kufika. Manyoya yalikuwa machafu, ya baridi, na chini yake mbavu zilihesabika. Kwanza hakusikia kitu. Akakandamiza kidogo, na ndani, mbali, kama mtu anayetwanga katika nyumba ya tatu, akalipata.

"Moja," alisema.

Mdudu mmoja alipita mbele ya uso wake.

"Mbili."

Yasmin alisukuma bomba kwa unene wa ukucha, akasimama, akasukuma. Sijaona alikuwa akisoma kitu chini ya pumzi, midomo tu. Kati ya pigo na pigo palikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi, kuitoa, na kuogopa. Kumi. Kumi na moja. Namba hiyo ilimwia nzito, akaivuka. Kumi na nane. Ishirini. Ishirini na moja, na baada yake hakuna kitu.

"Limechelewa," alisema.

Yasmin aliacha. Muhidini alikandamiza kiganja, akaona anaomba, hajui anaombea nini hasa, mbwa au yeye.

"Ishirini na mbili," alisema. "Lipo."

"Hesabu."

Akahesabu. Bomba likaanza tena. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kope, akaliacha. Thelathini na moja, thelathini na mbili. Dripu ilidondoka kwa mwendo wake na moyo kwa mwendo wake, na yeye akijitahidi asivichanganye. Alipofika thelathini na sita alihisi anaharakishwa, akadhani ni mapigo yake mwenyewe yanayomwendea kwenye vidole. Akanyanyua kiganja, akakirudisha. Hayakuwa yake.

"Arobaini," alisema. "Arobaini na moja. Arobaini na mbili."

"Usikimbie, babu. Yafuate tu."

"Sikimbii mimi," alisema Muhidini, na kwa kusema hivyo likampita moja, akalidaka linalofuata. "Arobaini na nne. Arobaini na tano. Arobaini na..."

La arobaini na sita halikumngoja amalize. La arobaini na saba lilimgonga kiganjani jina la mwenzake likiwa bado mdomoni. Akajaribu kulitaja, likaja jingine. Akamwangalia dada yake, kisha Yasmin, mdomo wazi, hana namba fupi za kuyawahi.

"Mjukuu wangu," alisema, "hayatamkiki tena."

Yasmin alisukuma kilichobaki, kwa unene wa ukucha, akisimama, akisukuma. Sijaona aliinua mkono mmoja kutoka kwenye kichwa cha mbwa, akauweka kwenye bega bovu la mdogo wake, akauacha hapo. Muhidini hakukiondoa kiganja. Aliacha kutaja namba, akawa anatikisa kichwa tu, pigo kwa pigo, asipotee.